Udongo wa Ufipa na Jembe Lililoutengeneza

Kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki imeinuka nchi ya Ufipa, uwanda wa nyasi ulio juu ya usawa wa bahari kwa kadiri ya meta 1,800, ambao kingo zake mbili huteremka ghafla hata kuyafikia maziwa yaliyo chini yake kwa takriban meta elfu moja. Kusini, Mto Kalambo, ulio mpaka wa Tanzania na Zambia, huanguka zaidi ya meta 200 kabla ya kuingia Ziwa Tanganyika. Na karibu na mji wa Sumbawanga imesimama milima ya Mbizi na msitu wake, makao ya mbega wekundu.

Mwaka wa huko una majira mawili tu. Mvua, zipatazo milimita 800 hadi 1,200, huanza Novemba na kukoma Aprili. Na miezi iliyosalia ni kiangazi, ambacho katika Juni na Julai huja na upepo wa baridi unaowakalisha watu motoni asubuhi.

Watu wengi, kwa kuwa wameusikia mkoa wa Rukwa, ilimo Ufipa, ukitajwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa ndiyo mikoa iilishayo nchi, hudhani kwamba Mwenyezi Mungu aliijaalia Ufipa udongo wa neema tangu asili. Dhana hiyo haiwatendei wenyeji insafu. Jimbo la Iowa huko Marekani, mashuhuri kwa mahindi, lilirithi udongo mweusi uliotokana na vumbi la zama za barafu na nyasi zilizooza zenyewe kwa maelfu ya miaka; ilhali udongo wa Ufipa, ambao sehemu kubwa ni mwekundu na umechujwa rutuba yake na mvua za karne nyingi, haukurithi akiba ya namna hiyo. Tena miti ni haba, hata ile desturi ya majirani wa kusini ya kukata matawi, kuyachoma na kupanda juu ya majivu haikuwezekana katika uwanda wazi.

Badala yake, wenyeji, yaani Wafipa, walizizika nyasi. Mvua zikielekea ukingoni na ardhi ingali laini, mkulima hulipasua gugu pamoja na mizizi yake, akalikusanya duara, akalifunika kwa udongo uliochimbwa pembeni, mpaka shamba zima likajaa matuta ya mviringo yaitwayo intumba. Juu yake hupandwa maharage, na ndani yake nyasi huoza kiangazi kizima. Kisha mvua za mwaka wa pili zijapo, matuta husambazwa, na ulezi, nafaka ya kale ya Ufipa kwa ugali na pombe, humwagwa juu ya mbolea hiyo.

Kazi hiyo ilitaka jembe la chuma, na chuma cha Ufipa kilitoka Ufipa. Mafundi walijenga kwa udongo matanuri yenye kimo cha kadiri ya meta 3, wakayajaza mkaa na mawe ya chuma kwa tabaka, wakayawasha na kuyaacha yavute hewa yenyewe kwa matundu ya chini yaliyotiwa mirija ya udongo, pasipo mtu kuvukuta. Baada ya siku kadhaa lilipatikana bonge lililochanganyika na taka, nalo likatiwa katika tanuri la pili, dogo, ambalo ndilo lililopulizwa kwa mivukuto, hata chuma kikatakata na kumfaa mhunzi. Miiko iliizunguka kazi yote, na fundi alijitenga na mkewe mpaka moto ulipozimika.

Katika miaka ya 1840 kabila la Wangoni liliivamia nchi, na kiongozi wao Zwangendaba akafia huko huko; kisha wakatawanyika, na Wafipa, chini ya watawala wa falme zao mbili, Nkansi na Lyangalile, wakaishikilia kazi ya shamba kwa bidii ambayo Joseph Thomson, Mskoti aliyepita mwaka 1880, alisema hajaiona kwa kabila jingine lolote.

Majembe ya Ulaya, kwa urahisi wa bei, yaliyazima matanuri katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini. Ulezi nao ukayapisha mahindi, hasa tangu miaka ya 1970, Serikali iliponunua mazao kwa bei moja nchi nzima, hata mkulima wa mbali kama wa Rukwa asiumizwe na nauli. Lakini mageuzi ya uchumi yalipoondoa bei hiyo na ruzuku ya mbolea, ulidhihirika umaskini wa udongo ambao intumba ilikuwa imeusitiri.

Kwa hiyo mabwana shamba wa Rukwa wasiihesabu intumba kuwa ni mabaki ya ujinga, bali waipime shambani pamoja na mbolea ya viwandani. Na walimu wawapeleke watoto kwenye matanuri ambayo bado yamesimama, kabla mvua hazijayabomoa, wajue kwamba rutuba ya nchi yao ilifanyizwa kwa mikono ya wazee wao.