Aşk (riwaya)

Aşk ni riwaya ya Elif Shafak, mwandishi wa Kituruki. Ilitoka mwaka 2009, ikafuatiwa mwaka 2010 na toleo la Kiingereza, The Forty Rules of Love (yaani Kanuni Arobaini za Mapenzi). Ni kitabu ndani ya kitabu: Ella, mama wa nyumbani huko Northampton, Massachusetts, anapewa kusoma mswada unaosimulia urafiki wa mshairi Rumi na dervishi Shams wa Tabriz, waliokutana mjini Konya mwaka 1244.

Mwangwi wa Masnavi, utenzi mkuu wa Rumi, umefumwa humo kwa werevu. Sura za mswada huo huanza kwa herufi b, kama unavyoanza utenzi wenyewe, na kama inavyoanza Bismillahi. Sehemu tano za riwaya zimeitwa ardhi, maji, upepo, moto na utupu. Wasimulizi ni wengi: kahaba, mlevi na ombaomba wanajisemea wenyewe, sawasawa na mwanachuoni, na hapo ndipo simulizi inapokolea. Upande wa Ella, kusema kweli, umepwaya.

Zile kanuni arobaini zinazonukuliwa kila mahali kwa jina la Shams ni utunzi wa Shafak mwenyewe.