Andiko Moja, Sauti Mbili: Tahajia ya Kiswahili na Matamshi ya Pwani

Mwanafunzi wa Nguvumali, jijini Tanga, hufunzwa kwamba maneno ya Kiingereza sea, yaani bahari, na see, yaani kuona, hutamkwa sawa ingawa huandikwa mbalimbali. Ni nadra kuelezwa kwamba Kiswahili cha mwambao kina hali iliyo kinyume chake: maneno yanayoandikwa sawa ilhali hutamkwa mbalimbali.

Paa wa mwituni, katika matamshi ya jadi ya pwani, huanza kwa p yenye mpumuo. Paa la nyumba halina mpumuo huo. Ndivyo walivyo kaa wa baharini na kaa la moto. Tofauti hii si pambo la ulimi. Katika ngeli ya paa wa mwituni, kiambishi cha kale kilikuwa nazali. Nazali hiyo ilipodondoka mbele ya p, t na k, iliacha mpumuo mahali pake. Mpumuo, basi, ni masalio ya historia ya neno.

Utata wa maandishi haukuanza na herufi za Kilatini. Katika hati za Kiarabu zilizotumiwa na wenyeji wa pwani, herufi be iliweza kusomwa b, p au mb; bata, pata na mbata yakafanana, na msomaji akategemea muktadha. Herufi za Kilatini, zilizoenea Tanga wakati wa utawala wa Wajerumani, na ambazo gazeti la Kiongozi lilichapishwa kwazo mjini humo kuanzia 1904, ziliyatenganisha maneno hayo matatu. Mpumuo haukupata alama yake.

Haikuwa kwamba haukujulikana. Mmisionari W. E. Taylor, aliyefanya kazi Mombasa, aliuonyesha katika mkusanyiko wake wa methali wa 1891. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930 ikasimamia tahajia moja kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Tahajia hiyo iliuacha mpumuo. Faida yake ilikuwa kubwa: uchapaji ulirahisika, na mamilioni ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza walijifunza kusoma bila kikwazo hicho.

Lakini faida hiyo ina gharama. Upatanisho wa kisarufi, paa huyu na paa hili, humwokoa msomaji, haumfundishi kutamka. Shule ikifundisha lugha kwa macho peke yake, mpumuo utatoweka vinywani, na ukurasa wa tahajia sanifu hautaonyesha kwamba uliwahi kuwapo. Tahajia sanifu haina haja ya kubadilishwa. Kinachohitajika ni kuwarekodi wazee wa pwani wangali wanazungumza, na kamusi ionyeshe matamshi kando ya maana.