Kabla ya K-Pop na Singeli, Mama Zetu wa Nyasa Walishakuwa na Kundi

Wadau, leo umbea wa mastaa tuuweke pembeni kidogo, tupige historia. Kila nikipita mtandaoni naona watu wanabishana: singeli ni kelele au muziki? K-Pop ni sanaa au wasichana wamepangwa tu kama bidhaa dukani? Mimi naona hizo hoja mbili ni moja. Na jibu lake wala halihitaji kwenda Seoul, lipo huku kwetu Kingerikiti, ukishuka mpaka Mbamba Bay na Liuli.

Tuanze na Korea. Septemba 2009 kampuni ya SM Entertainment ilitoa kundi la mabinti watano linaitwa f(x): Victoria kutoka China, Amber kutoka Marekani, pamoja na Luna, Sulli na Krystal. Wenzao wengi walikuwa wanauza sura na mapenzi laini. Hawa wakaja na midundo ya kompyuta iliyokatwakatwa, mashairi ambayo hata Wakorea wenyewe walikuna vichwa, na Amber mwenye nywele fupi na suruali pana, hataki gauni. Albamu yao ya Pink Tape ya 2013 mpaka leo inatajwa miongoni mwa albamu bora za K-Pop.

Sasa ngoja nikupe kitu. Hot Summer, moja ya nyimbo zao kubwa za 2011, haikuwa yao. Iliimbwa 2007 na kundi la mabinti wa Ujerumani linaitwa Monrose. Electric Shock ya 2012 ilitungwa na Waholanzi. 4 Walls ya 2015 ina mkono wa maprodyuza wa London. Yaani lile kundi lililosifiwa kwa ubunifu lilikuwa linaokota vipande vya wengine na kuvigeuza vyake. Je, walikuwa wezi? Subiri kidogo.

Rudi ziwani. Agosti 1914, Vita ya Kwanza ya Dunia ina siku chache tu, meli ya Waingereza inayoitwa Gwendolen ilivuka Ziwa Nyasa ikaja kuipiga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu pale Liuli. Wajerumani walikuwa wanapaita Sphinxhafen. Kwa hiyo vita ya wazungu ilifika mlangoni kwetu mapema kabisa. Babu zetu wakabebeshwa mizigo na bunduki, wakaona gwaride, wakasikia bendi za jeshi na tarumbeta zake.

Vita ilipoisha, vijana wa mwambao wa ziwa, huku kwetu na ng'ambo Malawi, wakaichukua ile bendi wakaigeuza ngoma. Tarumbeta hawana, wakatumia vibuyu, mtu anavumisha sauti yake humo mpaka inalia kama chombo cha bendi. Wakajipanga mistari, wakavaa kaptula na soksi ndefu, wakapeana vyeo kama jeshini. Hiyo ndiyo mganda. Kwa kuiga wakapata kitu ambacho mzungu mwenyewe hakuwa nacho.

Halafu kuna kioda. Mganda ni ya wanaume, kioda ni ya wanawake. Sare moja, mistari imenyooka, hatua zinakwenda pamoja, kiongozi anaanzisha na wenzake wanapokea. Sare, mpangilio, uimbaji wa kupokezana: hebu niambie hilo kama siyo kundi la wasichana! Tofauti ni kwamba hakuna kampuni iliyowapanga. Wimbo wameshika wao, na ndani ya wimbo wanasema yao ya kijiji na ya ndoa, mbele ya watu wote.

Dar nao wakafanya yaleyale kwa umeme. Miaka ya 1990 uswahilini walichukua vinanda vidogo vya Casio, ambavyo kwingine ni vya watoto kuchezea, wakavipitisha kwenye spika zinazokoroma, ikazaliwa mchiriku. Jagwa Music walifika mbali nayo, mwaka 2012 albamu yao ya Bongo Hotheads ilitolewa na lebo ya Ubelgiji. Kwenye vigodoro madijei wakachukua vipande vya taarab, wakavizungusha na kuvikimbiza hadi mapigo 200 kwa dakika na zaidi. Hiyo ndiyo singeli. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa studio ya Sisso ya Dar, na wazungu wakaanza kuita muziki wetu wa majaribio. Uleule ambao nyumbani unaitwa wa wahuni!

Kwa hiyo swali la wizi limejijibu. Kuanza na kitu cha mwenzako siyo dhambi, kazi ni unakifikisha wapi. f(x), mganda na singeli wote wamepita njia hiyo.

Ila kuna mahali pananiuma. Kwenye kioda mama zetu walishika wimbo. Kwenye singeli dada zetu ndiyo wanaojaza uwanja na kuufanya mdundo uonekane, lakini majina makubwa kwenye maiki ni Msaga Sumu, Man Fongo, Sholo Mwamba, Dulla Makabila. Wote wanaume. Mwanamke akijitokeza na mdundo wa uswahilini, tunamshukia. Snura alitoa Chura, Mei 2016 serikali ikaifungia, naye akazuiwa kupanda jukwaani mpaka ajisajili BASATA. Unaweza kuipenda video ile au usiipende, hilo ni lako. Lakini kumbuka komenti za siku zile, watu hawakuujadili muziki, walimjadili mwili wake.

Na usidhani ni Bongo tu. Sulli wa f(x) alisimama kazi 2014 kwa sababu ya matusi na uzushi wa mtandaoni, 2015 akaondoka kundini. Oktoba 2019 alifariki akiwa na miaka 25, na Korea nzima ikaanza kujiuliza kuhusu watu wanaoandika matusi halafu wanalala usingizi mnono.

Kioda kilikuwa na watazamaji pia, na walisema. Ila aliyesema alikuwa amesimama pale uwanjani, sura inaonekana, kesho mnakutana kisimani. Sisi tuna bando na jina la bandia, ndiyo maana ulimi hauna breki.

Basi mdau, kabla hujaandika "huyu naye msanii?" chini ya video ya binti anayejaribu kitu kipya, jiulize kama ungeweza kumwambia usoni. Na kama bibi yako alicheza kioda, leo mpigie simu, muulize walikuwa wanaimba nini. Mrekodi. Wewe prodyuza unayetafuta sauti mpya kila siku, sauti hiyo hapo. Ila safari hii maiki apewe binti.

Haya, uwanja ni wenu: ni dada gani wa singeli unamkubali?