Miaka ya Kukaa Nje ya Wodi

Daktari mhamiaji aliyekaa miaka 10 bila kushika mgonjwa huulizwa swali moja akiwa Marekani, jingine akiwa Uingereza, na jingine kabisa akiwa Ujerumani. Wamarekani wanataka kujua alimaliza chuo lini. Waingereza wanauliza nani amemwona akifanya kazi siku za karibuni. Wajerumani wanataka wamsikie akizungumza. Cheti ni kilekile na pengo ni lilelile, ila jibu linalomfaa linabadilika, na hapo ndipo wengi wanapopotea: wanatafuta kibarua chochote kilicho karibu na hospitali wakidhani ukaribu huo utawarudisha wodini, kumbe hakuna aliyewauliza habari hiyo.

Nianze na Marekani, maana huko ndiko wakimbizi wengi wa Kongo walikopelekwa, na miongoni mwao wamo madaktari. Cheti cha mtu aliyesoma nje hukaguliwa na ECFMG, chombo kilichoanzishwa 1956. Pamoja na ukaguzi huo kuna mitihani ya leseni, USMLE, kisha mafunzo ya ubingwa hospitalini, ambayo kwa kawaida hata aliyekuwa bingwa kwao huyarudia. Mitihani inasomeka, hata na mtu anayekesha zamu za usiku. Kisiki ni nafasi ya mafunzo. Programu moja hupokea maelfu ya maombi, na nyingi huyachuja kwa mwaka wa kuhitimu; mara nyingi mpaka ni miaka 5. Ile barua ya kueleza vita, kambi na watoto wadogo haifiki mbele ya macho ya mtu, kwa kuwa kompyuta imeshamwondoa mwenyewe. Zamani alama kubwa za mtihani wa kwanza ziliweza kumtetea mwenye pengo. Tangu Januari 2022 mtihani huo hautoi alama, ni kufaulu au kufeli tu. Mageuzi hayo yaliletwa kwa nia njema, lakini yalimnyang'anya daktari mzee ngao yake. Umebaki mtihani wa hatua ya pili, ambao bado una alama.

Katika kusubiri, mtu hubeba boksi, hutunza wazee, au huwa mkalimani. Ukalimani huvutia kuliko vyote kwa sababu una harufu ya hospitali. Mkalimani wa simu anasikia mama wa Kikongo akisema kifua kinambana na mkono wa kushoto unakufa ganzi. Anamsikia daktari kijana akisahau kuuliza jambo ambalo yeye angeliuliza kwanza. Kanuni ya kazi inamkataza kuongeza neno, basi anatafsiri alichoambiwa na kunyamaza. Ni kazi ya heshima, na inalisha familia, lakini kwenye maombi ya ubingwa haina uzito mkubwa. Uratibu wa utafiti katika hospitali ya kufundishia unamfaa zaidi. Hapo atapata daktari wa Kimarekani wa kumwandikia barua ya kumpendekeza, pengine na jina lake kwenye makala. Na hata mlango wa ubingwa usipofunguka, hiyo ni kazi kamili anayoweza kuzeeka nayo, sawa na afya ya jamii. Sioni kwa nini tuwahesabu waliobaki huko kuwa wameshindwa.

Uingereza mtihani wa leseni ni PLAB, lakini mtihani ni nusu tu ya safari. Anayeomba mafunzo ya ubingwa bila kupitia mafunzo yao ya awali hutakiwa fomu ya CREST, ya kuthibitisha kuwa yuko tayari kwa mafunzo hayo, na anayeisaini ni daktari bingwa aliyemsimamia kwa miezi 3 mfululizo ndani ya miaka 3 na nusu iliyopita. Maana yake anatakiwa shahidi. Kwa hiyo njia ya mwenye pengo huanzia chini: kwanza kufuatana na madaktari wodini bila kugusa mgonjwa, halafu kazi ya daktari wa wodi asiye kwenye mafunzo, na kutoka hapo ndipo shahidi anapopatikana. Salford kuna mradi wa REACHE unaowasaidia wakimbizi wa taaluma za afya. Tahadhari moja: matokeo ya mtihani wa Kiingereza huhesabika kwa miaka 2. Wako waliofanya Kiingereza mapema kwa sababu ni chepesi, kikachacha wakiwa bado wanajisomea PLAB.

Ujerumani mwaka wa kuhitimu haumfungii mtu mlango kama Marekani. Kila jimbo lina mamlaka yake, na kabla ya leseni kuna mtihani wa lugha ya kitabibu wa dakika 60. Dakika 20 za kwanza mtahiniwa anamhoji mgonjwa wa kuigiza: tumbo lauma tangu lini, maumivu yamehamia wapi, amekula nini. Dakika 20 zinazofuata anaandika barua ya kitabibu. Za mwisho anamweleza daktari mwenzake kisa kile kile, safari hii kwa lugha ya wataalamu. Aliyezoea kumweleza mgonjwa wa kijijini ugonjwa wake kwa maneno ya kijijini ana kitu cha kuonyesha hapo. Baadaye, kama elimu yake haikuonekana kulingana na ya kwao, kuna mtihani wa tiba ya ndani na upasuaji, na huo hufanywa mara 3 tu. Kwa pengo refu, mimi naona njia hii ndiyo yenye haki zaidi, japo gharama yake ni miaka ya kujifunza Kijerumani.

Kwetu hesabu ni nyingine. Mganga Mkuu wa Wilaya nchini Tanzania anaweza kumaliza mwaka mzima kwenye vikao, bajeti na chanjo, na hakuna anayesema ameacha udaktari. Kwenye fomu za ng'ambo, miaka ile ya wilayani inaweza kusomeka kama utupu.

Turudi Marekani. Mwaka 2023 jimbo la Tennessee lilipitisha sheria ya kuwapa leseni ya muda madaktari waliosoma nje bila kuwarudisha kwenye mafunzo ya ubingwa, na majimbo mengine yakafuata, yakiwemo Florida na Virginia. Nderemo zilikuwa nyingi. Lakini sheria nyingi za aina hii humtaka mwombaji awe ametibu wagonjwa miaka ya karibuni. Zinamfaa atakayeshuka ndege mwakani kutoka Kinshasa. Aliyeko Nashville, humo humo Tennessee, tangu 2012 akiendesha gari la kupeleka wazee kliniki hazimtambui. Minnesota, yenye Wasomali wengi, ilianza mapema: tangu 2015 ina mpango wa serikali kwa madaktari waliosoma nje ambao tayari ni wakazi wake, unaowaandaa na kugharimia baadhi ya nafasi za mafunzo, kwa masharti ya kwenda kuhudumia penye uhaba wa madaktari. Mwenye pengo refu aliyeko Marekani ningemwambia aulize kwanza habari za jimbo la kuhamia, kabla hajalipia kozi nyingine ya mtihani.