Kifaru cha plastiki: Ustadi huanza kabla ya rangi

Na Mwandishi Wetu

KISWAHILI huliita gari la kivita lenye minyororo kifaru, kwa jina la mnyama mwenye ngozi ngumu. Nchini Uingereza, wabunifu wa mchezo wa mezani wa Warhammer 40,000 walifikia taswira hiyo hiyo walipolipa gari lao la deraya jina la Rhino, yaani kifaru. Gari hilo halijapata kuunguruma katika uwanja wowote wa vita. Ni la plastiki, hukaa kiganjani, na mnunuzi hulipata likiwa vipande ndani ya boksi.

Kuviunga vipande hivyo na kuvipaka rangi ni burudani inayohitaji subira ya fundi. Wengi wanaoanza hudhani kwamba ugumu wake uko katika rangi. Ukweli ni kwamba kazi nyingi huharibika mapema zaidi, wakati wa kukata na kuunganisha.

Asili yake

Kampuni ya Games Workshop ilianzishwa London mwaka 1975, na sasa makao yake makuu yako Nottingham. Mwaka 1987 ilitoa Warhammer 40,000, mchezo uliobuniwa na Rick Priestley, ambao visa vyake hutokea katika milenia ya 41. Mwaka uliofuata, 1988, Rhino ya plastiki iliingia sokoni, na baadaye umbo lake likasanifiwa upya.

Ingawa ni gari la kubuni, sura yake si ngeni. Bodi lake la kisanduku lenye mlango mpana nyuma linakumbusha gari la Marekani la kubeba askari, M113, lililoanza kutumika miaka ya 1960. Bodi hilo hilo likiongezewa mnara wa mzinga huwa Predator, ambacho ndicho kifaru hasa cha kushambulia.

Kukata na kusafisha

Vipande hutengenezwa kwa polistaireni iliyoyeyushwa kwa joto na kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Hutoka vikiwa vimeshikamana na fremu ya plastiki kwa vishikizo vidogo. Kipande hakipaswi kung'olewa kwa mkono, kwani huchanika. Hukatwa kwa koleo kali, mbali kidogo na ukingo wake, kisha kishina kinachobaki huparwa kwa kisu na kulainishwa kwa tupa au msasa laini.

Aidha, mahali pande mbili za kalibu zilipokutana hubaki mstari mwembamba. Kwenye plastiki tupu mstari huo hauonekani kwa urahisi, lakini ukishapakwa rangi hujitokeza kama kovu. Upitishe ukucha juu ya kila kipande. Utakapokwama, ndipo pa kupara.

Gundi isiyorudi nyuma

Gundi ya modeli za plastiki haifanyi kazi kama gundi ya kawaida. Huyeyusha nyuso mbili zinazogusana, na kiyeyushi kikishapaa, vipande viwili huwa kitu kimoja. Kiungo hicho huwa imara sana, na kwa sababu hiyo hiyo hakifunguki bila kuvunja kitu.

Hivyo basi, jaribu kila kiungo kikavu kabla ya kutia gundi. Pande mbili za bodi, zinazobeba minyororo, ndizo za kuangaliwa zaidi: zikikaa mshazari, paa halitafunga sawasawa na gari halitasimama vyema mezani. Tone dogo linatosha. Shika vipande pamoja, au uvifunge kwa mipira ya kufungia noti, kisha uviache hadi kesho yake.

Uamuzi mkubwa zaidi ni kuhusu sehemu ya ndani. Rhino ina milango inayoweza kuachwa wazi na chumba cha askari kinachoonekana humo. Anayetaka kionekane ni lazima akipake rangi kabla ya kulifunga bodi, kwani brashi haitafika baadaye. Asiyetaka na aifunge milango kwa gundi na kuendelea. Ni vyema pia silaha na mnara vipakwe rangi pembeni, viunganishwe mwishoni.

Rangi kwa tabaka

Osha modeli kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ili kuondoa mafuta, uiache ikauke. Kisha pulizia rangi ya awali, ambayo mafundi huiita praima, kutoka umbali wa sentimita 20 hadi 30, kwa mapito mepesi. Fanya hivyo nje, penye hewa safi. Kwa wakazi wa miji ya pwani kama Dar es Salaam na Mombasa, epuka siku ya mvua: unyevu mwingi hewani huweza kuifanya rangi iwe na ukungu au chembechembe.

Rangi kuu ya akriliki huchanganywa na maji kidogo. Tabaka mbili nyembamba ni bora kuliko moja nene, ambayo hufukia ribiti na mistari ya mabamba.

Baada ya hapo huja kazi ya kuudanganya macho uzito. Kitu kidogo hakina vivuli vizito kama chuma cha tani nyingi, kwa hiyo mpakaji huvichora. Rangi nyepesi ya giza huachwa itiririke kwenye mifereji na kuzunguka ribiti. Ikikauka, brashi iliyofutwa hadi ikaribie kukauka hupitishwa juu ya kingo ikiwa na rangi iliyokoza weupe kidogo. Mbelgiji François Verlinden ni miongoni mwa waliozieneza sana mbinu hizi kwa waundaji wa vifaru.

Vibandiko vya maji hushika vyema juu ya vanishi inayong'aa. Baadaye vanishi isiyong'aa huondoa mng'ao huo.

Uchakavu wenye sababu

Alama za uchakavu ziwekwe panapostahili. Rangi hubanduka kwenye kingo za milango na mahali askari wanapokanyaga. Masizi hukaa kwenye bomba la moshi. Tope huanzia kwenye minyororo na kupungua kadiri unavyopanda juu. Kipande cha sponji kilichochovywa rangi ya kahawia iliyokolea hutoa mikwaruzo inayoaminika, mradi mtu ajue pa kuachia.

Kosa linalosameheka

Rangi ya akriliki iliyoharibika inaweza kuondolewa kwa alkoholi ya isopropili na mswaki laini, plastiki ikabaki salama. Hata hivyo, usithubutu kutumia tina kali wala asetoni ya kufutia rangi ya kucha: huyeyusha polistaireni yenyewe. Vivyo hivyo, hakuna dawa ya kukirudisha kiungo kilichoungwa kombo. Mwenye saa moja ya ziada katika kazi hii na aitumie mapema, akiwa bado na kisu na tupa mkononi.