Neno "Jubilee" na Asili Zake Mbili

Siku hizi za sikukuu neno Yubilei li midomoni mwa wakubwa kwa wadogo. Waingereza husema "jubilee". Tumeona vema tueleze asili yake, maana neno hili ni kama mto wenye chemchemi mbili.

Chemchemi ya kwanza ni ya Kiebrania. "Yobel" ni kondoo dume, na tena pembe yake ipigwayo kama baragumu. Katika kitabu cha Walawi, mlango wa 25, Waisraeli waliagizwa kwamba kila mwaka wa 50 baragumu ilie: Mwisraeli aliyejiuza kwa umaskini arudi kwao huru, na shamba lililouzwa limrudie mwenyewe. Wafasiri wa Kiyunani waliiacha pembe, wakaandika neno lenye maana ya kufunguliwa.

Chemchemi ya pili ni ya Kilatini. "Jubilare" ni kupaza sauti, kama wakulima waitanavyo mashambani. Kisha likawa kushangilia. Kwa kuwa sauti za maneno haya zilikaribiana, yaliungana, na Waingereza wakalipokea neno hilo kwa njia ya Kifaransa.

Mwaka 1300 Papa Bonifasio VIII alitangaza mwaka wa maondoleo kwa mahujaji waliokwenda Roma. Lakini mwaka 1887, Malkia Victoria alipotimiza miaka 50 ya kutawala, "jubilee" ilikuwa shangwe ya kuhesabu miaka tu. Pembe ilikuwa imesahauliwa.

Hawakuisahau Waafrika waliokuwa watumwa huko Marekani. Kwao "Jubilee" ilikuwa siku ya uhuru. Mwaka 1871 wanafunzi wa chuo cha Fisk, ambao wengi wao walikuwa wamezaliwa utumwani, walitoka kuimba mji kwa mji ili kukiokoa chuo chao na madeni, nao wakaitwa Waimbaji wa Jubilee.

Nasi tu jamaa yao. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na watumwa waliokombolewa walikuwa miongoni mwa Wakristo wa kwanza wa pwani hii.

Basi, ndugu zetu, tupige vigelegele, kwani ni haki yetu. Lakini tukisha kushangilia, kila mmoja ajiulize: Je, ni nani aliyefunguliwa kwa mkono wangu? Yuko jirani ambaye shamba lake nalishika kwa deni? Tukiisikia shangwe tu tusiisikie baragumu, tumelipokea nusu ya neno.