Ng'ambo Mbili za Ziwa Nyasa

Septemba 1967, Dkt. Hastings Kamuzu Banda wa Malawi alitangaza uhusiano wa kibalozi na serikali ya makaburu wa Afrika Kusini, jambo ambalo hakuna rais mwingine wa Afrika huru aliyekuwa amethubutu kulifanya. Kususa, alidai, hakumbadilishi mtu. Kaburu akizoea kukaa meza moja na Mwafrika anayejitawala, atalegea.

Mwalimu Nyerere alikwisha kushika njia nyingine. Mwaka 1961, kabla hata ya uhuru, aliandika katika gazeti la London kwamba Tanganyika isingeingia Jumuiya ya Madola ikiwa Afrika Kusini ingebaki humo.

Baina ya misimamo hiyo miwili lilikuwapo Ziwa Nyasa. Kwa watu wa Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, upande wa Tanzania, ziwa lilikuwa njia. Waanglikana wao walihudumiwa kwa miaka mingi na misheni yenye makao Likoma, kisiwa ambacho leo ni cha Malawi. Wenela, wakala wa kuajiri vibarua wa migodi, ilichukua vijana kusini mwa Tanganyika na kuwapeleka Afrika Kusini kuchimba dhahabu kwa mkataba. Serikali ya uhuru ikaufunga mlango huo.

Gharama ya kususa haikumwangukia kila mtu sawasawa. Huko juu milimani, Umatengoni, kulikuwa na kahawa ya kuuza. Ufukweni kulikuwa na mihogo, usipa na dagaa wengine tu. Wakati huohuo vijana wa Malawi waliendelea kwenda, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 walipita laki moja migodini.

Uhasama ukapanda hadi kwenye maji yenyewe. Mei 1967 Nyerere alisema mpaka unapita katikati ya ziwa. Mwaka uliofuata Banda alijibu kwa kudai kwamba hata Songea, ambayo ufukwe huo ulikuwa ndani yake, ni ya Malawi.

Mazungumzo ya Banda yalizaa nini? Waziri Mkuu Vorster wa Afrika Kusini alizuru Malawi mwaka 1970, Banda akarudisha ziara mwaka 1971, na fedha za Pretoria zikasaidia kujenga mji mkuu mpya wa Lilongwe. Sheria za ubaguzi hazikulegea. Banda alipowazuia vijana wake kwenda migodini mwaka 1974, sababu ilikuwa ndege iliyoanguka Francistown, Botswana, na kuua wachimbaji zaidi ya 70.

Lakini Tanzania nayo haikususa kila mtesaji. Orton Chirwa, waziri wa zamani wa Banda, aliishi uhamishoni Dar es Salaam na mkewe Vera, hadi walipokamatwa na maofisa wa Malawi mwaka 1981 wakiwa safarini Zambia. Walihukumiwa kifo, kisha adhabu ikawa kifungo cha maisha. Mwaka 1985, wao wakiwa bado gerezani, Dar es Salaam na Lilongwe zilianzisha uhusiano wa kibalozi. Orton alifia gerezani Zomba mwaka 1992.